Herufi ya Kwanza ya Jina la Mjomba Wako

Mwanangu Rahamata,

Salamu utazikuta mwishoni. Nimezoea kuzitanguliza, tena ndefu, hadi msomaji anasahau barua inahusu nini, na leo nikianza nazo najua nitajificha humo humo nisitoke. Kwa hiyo naanza na laptopu.

Umeninunia siku tatu. Usikatae, mimi baba yako, nakujua ukinuna: unaitikia "ndiyo, baba" kwa adabu nyingi mno na chai unaniletea bila sukari. Unaona nimekudhulumu. Baba yako mdogo amekutumia laptopu nyembamba kutoka Marseille, ya rangi ya fedha, nyepesi hata ukiitia kwapani huisikii, na mimi nimekwambia iache hapa dukani, wewe uende Mutsamudu na ile nyeusi yangu, nzito kama tofali, yenye kona zilizochubuka. Ulisema, "Baba, ndiyo niingie nayo shuleni mbele ya walimu wenzangu, na jiwe hili?" Nikakufokea. Nikakutajia umeme wa Mutsamudu, unyevu, vumbi la chaki na mikono ya wanafunzi. Yote hayo ni kweli, lakini hayakuwa sababu yangu.

Mambo ya nyumba sitakuandikia. Shangazi yako amekwisha kukueleza habari za chandarua, maji ya kuchemsha, mlango wa nyuma unaokwama, na nani umsalimie kwa kirefu na nani umpite. Nyumba ile ilikuwa ya mama yako na sasa ni yako, kama desturi yetu ilivyo: nyumba ni ya binti, na mume huingia kwa hisani. Mimi nilikaa humo kwa hisani miaka mingi. Nataka ujue hisani ile niliilipa vipi, na ujue leo, kabla hujapanda meli.

Juzi Koko alipiga simu. Wewe ulikuwa mtaa wa Badjanani, hapa Moroni, ukiagana na rafiki zako. Unamjua bibi yako na simu, anapaza sauti kama anayemwita mtu kutoka darini. Akauliza meli itafika saa ngapi. Akauliza kama bado unakula kidogo kidogo kama ndege. Halafu akasema, "Mkwe, mtoto huyu amesoma. Akija atanisomea ile karatasi ya mwanangu. Nimechoka kuitazama tu."

Nikasema inshallah. Simu ikakatika, nami nikakaa kwenye kiti cha wateja hadi adhana.

Karatasi anayoisema niliichapa mimi, kwa laptopu hii hii unayoiita jiwe.

Nakuandikia Kiswahili, lugha niliyozaliwa nayo Unguja kabla wazee wangu hawajarudi Komoro, na niliyokufundisha wewe peke yako kwa sababu nilikuwa na hamu ya mtu wa kuzungumza naye. Mama yako alikuwa akituita wageni wake wawili. Nilipoishika kalamu nilijiambia nimechagua Kiswahili kwa kuwa ndicho kinachotoka moyoni. Uongo huo. Nimekichagua kwa sababu karatasi hii ikianguka njiani, ni wachache Mutsamudu watakaoweza kuisoma. Ndivyo nilivyo, mwanangu, hata kukiri nakiri baada ya kufunga mlango. Lakini nimeshaanza, basi nitaendelea hivyo hivyo, na kwa mkono, si kwa mashine. Kwa nini kwa mkono, utaona.

Ulikuwa na miaka kumi na tatu. Unalikumbuka duka letu la kuchapa, kwenye kichochoro cha mji wa kale wa Mutsamudu, hatua chache kutoka bandarini. Unakumbuka pia laptopu yangu ya kwanza, maana ulikuwa ukiipangusa kwa ukaya wa mama yako. Nayo ilitoka kwa baba yako mdogo, alipokuja kufanya harusi kubwa. Wakati huo Mutsamudu wengi walikuwa hawajaona kitu chembamba vile. Niliiweka juu ya kaunta, si kwenye meza ya kazi, ili mpita njia aione. Watu waliingia dukani wakijidai wanataka barua, kumbe wanataka kuiona ikifunguka. Mjomba wako Zaidi akiikuta kaunta imejaa watu husema, "Jamani, pisheni, bibi harusi anapumua."

Zaidi nikutambulishe? Hapana, unamkumbuka. Lakini nataka kumwandika mara moja kama alivyokuwa. Ndugu pekee wa mama yako, mwana pekee wa kiume wa Koko, mwalimu wa shule hiyo hiyo unayokwenda kufundisha. Mfupi, mwenye mwanya, mtu wa mzaha hata msibani. Ndiye aliyekufundisha kupiga mbinja, mama yako akakasirika wiki nzima kwa kuwa msichana hapigi mbinja. Mpaka leo ukifagia unapiga mbinja yake ile ya sauti mbili. Wewe unadhani ninatoka nje kwa sababu ya vumbi.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ile laptopu nyembamba ilinidumu mwaka na nusu. Bawaba moja ikalegea, nikaiegemeza kwa Msahafu wa zamani uliochanika, Mungu anisamehe. Soketi ya chaja ikaanza kucheza, nikawa ninaishika kwa kidole huku ninachapa kwa mkono mmoja. Kisha zikaja siku za mgogoro.

Wewe ulikuwa mdogo, kwa hiyo nikukumbushe kwa ufupi. Ndzuani, kisiwa cha mama yako, ilikuwa imegoma tena. Wakubwa wa kisiwa walikataa kuitii Moroni, Moroni nayo ikaapa kutolegea, mataifa ya nje yakaweka vikwazo, meli zikapungua, na mafuta yakafuata, na umeme ukafuata mafuta. Umeme ulikuja kwa saa chache tu kwa siku, tena unakuja kwa hasira. Siku moja ulirudi kwa kishindo, laptopu yangu ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikazimika na barua zote za watu zilizokuwa ndani. Kwa nje iling'aa vile vile.

Hapo hapo kazi ilikuwa imeongezeka kuliko siku zote. Langoni mwa bandari waliwekwa askari wa kisiwa, na hakuna aliyetoka bila karatasi ya ruhusa: jina, kijiji, sababu ya safari, muhuri. Karatasi hizo wengi walichapisha kwangu. Mimi, Mngazidja, mtu wa Moroni, nikiwachapia watu ruhusa ya kwenda Moroni. Mzaha huo Zaidi hakuuchoka.

Mimi niliuchoka upesi. Wewe hukuona hofu yangu kwa sababu niliificha kwa ukali. Nikifungua mdomo sokoni, neno la pili tu watu wanajua nimetoka kisiwa gani. Na nilishaiona hofu hiyo upande wa pili. Miaka ya nyuma, wewe ukiwa mdogo sana, tulikuwa tunakaa huku Moroni, mtaa huu huu wa Magoudjou, wakati Wandzuani walipokuwa wakifukuzwa mitaani. Mama yako, Mndzuani wa Mutsamudu, alikuwa akienda soko la Volo Volo kununua samaki kwa kidole. Ananyoosha kidole, anatikisa kichwa, anatoa fedha, anaondoka hajasema hata marahaba ya kushukuru, ili lafudhi yake isimtoe. Ndiyo maana tukahamia kwao. Basi siku zile za mgogoro, huko Mutsamudu, mimi ndiye niliyenyoosha kidole.

Laptopu hii nyeusi niliinunua kwa Hamidi, mfanyabiashara aliyekuwa akileta bidhaa za Dubai kabla njia haijafungwa. Ilikuwa imetumika ofisini huko, mashine ya makarani, haina urembo hata wa kusingizia. Hamidi akaiangusha juu ya kaunta makusudi, kishindo kikasikika mtaa mzima. Akasema, "Betri saa nne. Ukichoka kuandikia, pigilia misumari." Kisha akanitolea karatasi yenye stika ndogo ndogo za herufi. "Hii ni ya Kiingereza, fundi. Bandika hizi, usije ukapotea."

Utacheka, wewe uliyezaliwa na kompyuta, lakini nisikilize. Sisi tumekulia kwenye kibodi za Kifaransa. Kwenye kibodi ya Kiingereza, pale tulipozoea A wao wameweka Q, na pale tulipozoea Z wao wameweka W. Mikono yangu ilikuwa imechapa miaka ishirini, tangu enzi za taipureta, sikuwa ninatazama chini. Ilikuwa ndiyo sifa yangu mjini: fundi anachapa huku anazungumza nawe uso kwa uso. Nibandike stika kama mtoto anayejifunza alifu na bee? Nikamshukuru Hamidi, nikazitupa kwenye droo. Niliibadilisha kwa ndani tu iisome mikono yangu Kifaransa. Hilo lilisaidia, ila kila ikizimwa na kuwashwa ilirudi kwenye Kiingereza chake, na ilinibidi kukumbuka kuibadilisha tena kabla sijaanza.

Siku nyingi nilikumbuka.

Zaidi alitakiwa kuondoka kwa sababu ya ulimi wake. Waliwaletea walimu tangazo la kuwasomea wanafunzi, la kuwasifu wakubwa wa kisiwa. Alilisoma, kisha akawaambia watoto wahesabu makosa ya sarufi. Watoto walicheka, na watoto hupeleka kicheko nyumbani. Ikapita wiki, jina lake likaanza kutajwa mahali pasipofaa. Mtu wa ofisini, jamaa wa Koko, akasema kwa siri: kuna boti ya Moroni Alhamisi adhuhuri, muhuri nitaupiga mimi, mleteni karatasi asubuhi, na aondoke kabla walio langoni hawajapewa jina lake.

Alhamisi ile umeme ulikuja alfajiri. Niliwasha mashine na printa, watu wamejaa mlangoni, kila mmoja anataka aanze yeye. Nikaanza na Zaidi. Nilikuwa ninamjibu mama mmoja mambo ya cheti cha mtoto wake, nikimtazama usoni kama kawaida yangu, vidole vinakwenda. Nilipogeuka kwenye kioo cha laptopu nikaona takataka, jina limejaa Q, maana nilisahau kuibadilisha mashine. Nikaona haya mbele ya wateja. Upesi upesi nikaziondoa Q zote nikaweka A, nikabonyeza, karatasi ikatoka, Zaidi akaichukua, akaikunja bila kuisoma na kukimbilia muhuri.

Q inachoma jicho, mwanangu. Hakuna jina letu lenye Q mahali pale. W haichomi. Waidi ni jina la mtu, Mutsamudu wamo wawili watatu. Niliziondoa Q zote nikaiacha W.

Saa nne umeme ukakatika. Saa tano Zaidi akasimama mlangoni, jasho limemlowa, na bado anatabasamu. Akasema, "Shemeji, umenipa jina jipya na akika hukunichinjia."

Akanionyesha. Kitambulisho kinasema Zaidi, ruhusa inasema Waidi. Askari wa langoni, kijana mwenye kusoma kwa kidole herufi moja moja, amemwambia hawezi kumpitisha mtu kwa jina la mwingine, akalete maelezo ya aliyechapa. Hakumtukana wala hakumpiga. Amemwambia, "Mlete fundi aseme ni kosa lake, nitakuacha upite." Hayo ndiyo maneno ya askari, Zaidi alinirudishia kama yalivyo. Boti ilikuwa na muda wa saa nzima. Kutoka dukani hadi langoni ni mwendo wa kumaliza Kul-huwallahu kumi, ukitembea polepole.

"Twende, shemeji," akaniambia. "Useme tu mashine imekosea."

Wiki ile ile walikuwa wamemchukua fundi cherehani mmoja, Mngazidja kama mimi. Alirudi baada ya siku mbili, mkono wa kulia haufumbi. Nilimwona akijaribu kushika mkasi. Ndicho nilichokiona mbele ya macho yangu, mkono ule. Nikafikiri, nikisimama pale nikafungua mdomo, lafudhi yangu itatangulia, wataniuliza wewe Mngazidja unawachapia watu majina ya uongo kwa nini.

Nikamwambia, "Umeme ukirudi nitakuchapia nyingine."

Akanitazama. Alijua umeme haurudi kabla ya alasiri, kila mtu alijua. Laptopu ilikuwa inawaka kwa betri yake ya saa nne, jina lake liko pale kwenye kioo, ningeweza kulirekebisha mara elfu, lakini printa haina betri. Kalamu ninayoandikia sasa ilikuwa mfukoni. Ningeweza kuandika mistari miwili kwa mkono, nikatia sahihi. Ningeweza kutembea.

"Nitaliachaje duka?" nikamwambia. Na dukani hapakuwa na mtu.

Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua kofia, akaiweka magotini. Tulikaa hivyo, mimi nyuma ya kaunta ninajifanya napangusa kibodi, yeye amekaa, hadi boti ikapiga honi. Akasema, "Haya." Akavaa kofia, akaenda kwa mama yake.

Sikiliza sasa alichokifanya, kwa sababu ndicho kilichonishinda kukibeba. Alipofika kwa Koko, akamwambia, "Mama, karatasi imekataliwa." Basi. Hakusema imekataliwa kwa nini. Hakusema mkweo amekosea, wala mkweo ameogopa. Mimi nakaa ndani ya nyumba ya dada yake, ninakula kwa hisani yao, na alijua neno moja tu lingenitoa. Alinisitiri. Akampa mama yake ile karatasi amhifadhie, akisema siku ya amani atawauliza walioikataa. Koko anasoma Kurani mwanzo hadi mwisho, lakini herufi za Kizungu hazijui. Akaitia sandukuni.

Siku tatu baadaye alipata nafasi kwenye boti ndogo ya wanaovuka usiku kwenda Maore, kisiwa kilicho mikononi mwa Wafaransa. Mama yako alimfungia maandazi. Boti hiyo haikufika, Rahamata. Tulipiga simu kwa kila tuliyemjua Maore. Walikwenda hospitalini, walikwenda polisi, walikwenda fukweni. Hakuna mtu, hakuna kofia, hakuna ubao. Hatukuosha, hatukuzika. Miezi mingi Koko alikataa hitima isomwe, kwa sababu anasomewaje mtu ambaye hujui kama amekufa?

Na wiki chache baada ya hapo majeshi ya Moroni na wasaidizi wake yakashuka kisiwani, na mgogoro wote ukaisha kwa asubuhi moja. Wale askari wa langoni walivua sare wakaenda kwao. Laiti angejificha darini mwetu wiki chache tu.

Mama yako aliniuliza mara moja. Tulikuwa tunakunja nguo. Akasema, "Karatasi ile ilikuwa na nini?" Nikamjibu, "Wale watu walikuwa hawajui kusoma." Lilinitoka haraka, kana kwamba lilikuwa limekaa tayari mdomoni. Askari yule aliisoma kuliko mimi. Mama yako akaendelea kukunja. Sijui kama aliniamini. Nimefikiri sana kuhusu namna alivyoikunja ile kanzu.

Kisha nikamtoa nyumbani mwake. Nilisema ni kwa ajili ya shule yako, Moroni kuna shule nzuri. Watu wa kwao walishangaa, mwanamke haachi nyumba yake akamfuata mume kama mzigo, lakini alikuja, kwa ajili yako. Kweli yenyewe ni kwamba sikuweza kumpita Koko kila asubuhi barazani akiniuliza, "Mkwe, umeamkaje?" kwa upole ule. Nilimtenga mama na binti yake aliyebaki ili macho yangu yapumzike. Mama yako akaugua hapa, akafia hapa, akazikwa hapa, na mama yake hakumwona. Mpaka anakata roho nilikuwa ninaweza kumwambia. Nilimlowesha midomo kwa maji, nikasoma Yasini, na ile habari nikaimeza.

Sasa unajua kwa nini ninakupa mashine nyeusi. Nilidhani ninakupa kwa sababu ni imara. Ni imara kweli: imeanguka mara ngapi, imemwagiwa chai, betri nimebadilisha mara moja tu, na bado inawaka. Lakini miaka hii kumi nimeichukia kuliko unavyoichukia wewe, na sikuitupa kwa sababu ndani yake mna faili linaloitwa RUHUSA. Lifungue, la kwanza kabisa utaona jina lenye W. Ile nyembamba iliungua na makosa yangu yote. Hii haikuungua na hilo moja, na kila nilipotaka kulifuta mkono wangu ulikataa. Nilitaka uende nayo ulione mwenyewe siku moja, wakati mimi sipo. Ulikuwa mpango wa mwoga, na nilikuwa nimeshaupanga mpaka Koko alipopiga simu.

Sikukusudia kukufundisha kitu kwa barua hii, kwa sababu anayefundisha awe na alichofaulu. Ila nitakwambia nilichokiona katika maisha yangu. Kosa la kidole halikumuua mjomba wako. Kosa la kidole lilikuwa na saa nzima ya kurekebishwa. Utakosea huko, utaliandika vibaya jina la mwanafunzi, utampa mtu alama isiyo yake. Saa ile ile toka nje, uende langoni, hata kama lafudhi yako ya Moroni itawachekesha au kuwaudhi. Baada ya saa hiyo lango hufungwa, na hata ukitaka kwenda huna pa kwenda. Mficha uchi hazai, tunasema. Mimi niliuficha wangu, na nyumba imebaki na Koko peke yake.

Na ukichapa, tazama chini. Hakuna aibu. Leo asubuhi, kabla ya sala ya Ijumaa, nimezitoa zile stika za Hamidi kwenye droo. Gundi ilikuwa imekauka, nimezibandika kwa gundi ya viatu, moja moja. Z iko mahali pake. Imekaa upande kidogo, utavumilia. Ile ya rangi ya fedha nayo nimeitia kwenye begi lako, ni yako, sina haki ya kukunyima zawadi. Beba zote mbili, au uiache nyeusi mezani, sitauliza.

Nilipofika hapa, nilikusudia kukuomba umsomee Koko barua hii. Nilishaandika sentensi hiyo kwenye karatasi nyingine: "Mfasirie kwa Shindzuani, kwa upole, baada ya chakula." Nikaisoma, nikaona mtu yule yule nyuma ya kaunta, na safari hii anamtuma langoni binti yake. Nimeichana.

Basi nilitoka nikaenda kwa wakala wa meli. Karani alitaka kuchapa huku ananitazama, kama mimi enzi zangu. Nikamwomba ageuze kioo nikahakikisha herufi moja baada ya moja, watu wa nyuma yangu wakaguna, nikawaacha wagune. Kesho asubuhi, kwenye orodha ya abiria, jina la chini ya lako ni langu. Nakuwekea barua hii juu ya begi ili upate usiku mzima wa kunikasirikia. Ukiniona bandarini na hutaki kukaa nami, kaa mbele, mimi nitakaa nyuma, nitaelewa. Ukitaka kunisemesha, nipo. Ukikasirika mpaka ukaniita jina ambalo mtoto hamwiti baba, ukalitamka kwa Kiswahili, angalau nitajua nilikufundisha vizuri.

Sasa salamu. Huwa tunaandika mimi mzima, hofu kwako, na kalamu inapita bila kusimama. Mimi si mzima sana, Rahamata, na hofu ni kwako kweli kweli, nakuogopa wewe kuliko nilivyomwogopa askari yule. Nakupenda. Mjomba wako angekuwa hai angekubeba begani hadi kwenye mlango wa darasa lake, na ungeona aibu, na angepiga mbinja.

Tukifika, Koko atatupikia kwanza, hakubali mtu azungumze na njaa. Kisha atakwenda sandukuni. Akikunyooshea ile karatasi, usiipokee. Niachie mimi niipokee, nimsomee kama ilivyoandikwa.

Baba yako